Nani Analipia Paa? Historia ya Tenisi ya Wanawake Ikitazamwa Kutoka Mwisho wa Reli

Tarehe 9 Novemba 2024, katika ukumbi wa michezo wa Chuo Kikuu cha King Saud mjini Riyadh, Coco Gauff wa Marekani alimshinda Zheng Qinwen wa China kwa seti mbili kwa moja: 3–6, 6–4, 7–6. Kwa ushindi huo alilipwa dola 4,805,000 za Kimarekani, kutoka katika fungu la zawadi la dola milioni 15.25. Hadi siku ile hakuna mwanamke aliyekuwa amepata zawadi kubwa kiasi hicho katika shindano lolote la chama cha wachezaji tenisi wanawake, yaani WTA. Mwaka uliofuata, katika ukumbi uleule, Elena Rybakina alimshinda Aryna Sabalenka na kuondoka na dola 5,235,000.

Msomaji anaweza kuuliza mwalimu wa historia mwenye asili ya Ujiji ana shughuli gani na mpira wa raketi unaochezwa Riyadh. Kigoma ni mji wa soka na muziki. Tulipojivunia Uwanja wa Lake Tanganyika mara ya mwisho mbele ya taifa zima ilikuwa tarehe 25 Julai 2021, Simba ilipoifunga Yanga bao moja katika fainali ya Kombe la Shirikisho. Tenisi wengi wetu tunaiona kwenye televisheni tu.

Hata hivyo, nimeichagua mada hii kwa makusudi. Shindano la wanawake linalochezwa ndani ya ukumbi, juu ya sakafu ngumu, ni kitu kinachoweza kuchambuliwa kama tunavyochambua reli au bandari. Mtu alijenga paa. Mtu alilipa. Mtu aliruhusiwa kuingia na mwingine akabaki nje. Ukifuatilia fedha za paa hilo tangu mwaka 1970, unapata somo la siasa linalotuhusu moja kwa moja sisi tunaoishi kandokando ya Ziwa Tanganyika.

Dola moja ya Houston

Tenisi ilifungua milango kwa wachezaji wa kulipwa mwaka 1968. Kabla ya hapo mashindano makubwa yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa, nao wengi wao walipokea bahasha chini ya meza. Mfumo mpya ulipaswa kuleta haki. Kwa wanawake ulileta hesabu mbaya zaidi, kwa sababu waandaaji wa mashindano, ambao karibu wote walikuwa wanaume, sasa walikuwa na mamlaka ya kupanga wazi thamani ya kila mmoja.

Mwaka 1970 mashindano ya Pacific Southwest mjini Los Angeles, yaliyosimamiwa na Jack Kramer, yalipanga kumlipa bingwa wa kiume dola 12,500 na bingwa wa kike dola 1,500. Wanawake ambao hawangefika robo fainali hawakutengewa kitu. Wachezaji walilalamika, na malalamiko hayakusikilizwa. Ndipo Gladys Heldman, mchapishaji wa jarida la *World Tennis*, alipoandaa shindano la wanawake peke yao katika Klabu ya Houston, Texas. Tarehe 23 Septemba 1970 wachezaji tisa, saba wa Marekani na wawili wa Australia, walitia saini mikataba ya dola moja moja naye. Miongoni mwao walikuwa Billie Jean King, Rosie Casals, Nancy Richey na Judy Dalton. Chama cha tenisi cha Marekani kiliwasimamisha. Walicheza hivyohivyo, na Casals akatwaa ubingwa.

Napenda wanafunzi wangu waitazame vizuri dola ile moja. Haikuwa mshahara. Ilikuwa njia ya kisheria ya kusema kwamba kazi ya mtu haimilikiwi na chama kisichomlipa. Wana historia wa vyama vya wafanyakazi wataitambua mbinu hiyo mara moja. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam walipogoma mwaka 1947 nao walikuwa wakitetea jambo la aina hiyo: kwamba anayebeba mzigo ana neno la kusema juu ya bei ya kuubeba. Tofauti ni kwamba makuli walikuwa wengi na walikuwa na bandari ya kuifunga. Wanawake tisa hawakuwa na uwanja wowote wa kuufunga. Walihitaji mtu wa kuwapa uwanja.

Tumbaku ya mvuke

Mtu huyo alikuwa mfanyabiashara wa sigara. Joseph Cullman wa kampuni ya Philip Morris alikuwa rafiki wa Heldman, na kampuni yake ilikuwa imeingiza sokoni mwaka 1968 sigara nyembamba ya wanawake, Virginia Slims. Fedha za sigara hiyo zilidhamini shindano la Houston, na kuanzia mwaka 1971 zikadhamini mzunguko mzima wa mashindano katika miji ya Marekani. Mwaka uleule Billie Jean King alikuwa mwanamke mwanamichezo wa kwanza kupata zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka mmoja.

Hapa ndipo ukumbi unapoingia katika historia yetu. Mzunguko huo ulianza na majira ya baridi, wakati theluji imefunika viwanja vya nje. Nyasi na udongo wa viwanja vikubwa vilikuwa mikononi mwa klabu kongwe na vyama vyao. Wanawake wakaingia kwenye kumbi za mpira wa kikapu na za maonyesho, wakatandika zulia la kuchezea juu ya sakafu, wakacheza jioni, wakakunja zulia na kuhamia mji mwingine. Uwanja wa ndani ulikuwa mahali pa waliokosa pa kwenda. Ila wachezaji waligundua faida zake upesi. Ukumbi haujui mvua wala upepo. Tiketi huuzwa kwa uhakika, na mtu aliyetoka kazini huweza kuja usiku. Kuanzia mwaka 1979 hadi 2000 fainali za msimu wa wanawake zilichezwa kila mwaka Madison Square Garden, New York, na kati ya mwaka 1984 na 1998 mchezo wa fainali uliamuliwa kwa seti tatu za ushindi kati ya tano, kama wanaume katika mashindano makubwa. Zulia lilipoondoka taratibu, mahali pake pakachukuliwa na sakafu ngumu iliyopakwa rangi maalumu, ile tunayoiona leo.

Msomaji wa Kigoma aliyewahi kupanda treni ya Reli ya Kati amepita Urambo na Kaliua, na amepita mkoani Tabora katika nchi ya tumbaku. Urambo ilikuwa moja ya sehemu tatu za mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kushindwa vibaya. Baada yake ikawa nchi ya tumbaku ya Virginia, ile ambayo wakulima huiita tumbaku ya mvuke. Sisemi kwamba jani la Urambo liliingia katika sigara iliyodhamini tenisi. Nasema tu kwamba sisi wa reli hii tunajua tumbaku inatoka wapi: tunajua miti inayokatwa kwa ajili ya mabani, deni la pembejeo, na watoto wanaokosa shule msimu wa kuchuma. Kwa hiyo tunaposoma kwamba tumbaku ilimkomboa mwanamke uwanjani, tuna haki ya kuuliza ilimfanyia nini mwanamke shambani, na ilifanya nini kwenye mapafu ya wanawake walioambiwa kwamba kuvuta sigara ni sehemu ya uhuru wao.

Wachezaji wenyewe walijua utata huo. Walikuwa wakitangaza afya ya mwili kwa fedha za kitu kinachoiharibu. Walichagua kwa sababu walioshika viwanja visivyo na doa hawakuwapa nafasi. Mdhamini huyo alidumu, kwa vipindi, hadi katikati ya miaka ya 1990.

Chama kwanza, usawa baadaye

Kosa la kawaida katika kusimulia historia hii ni kuishia kwa mfadhili. Mfadhili peke yake hakuleta usawa. Mwezi Juni 1973, kabla ya Wimbledon, Billie Jean King aliwakusanya wachezaji wenzake katika hoteli ya Gloucester mjini London, na hapo WTA ikaundwa. Sasa kulikuwa na chama kimoja cha kuzungumza kwa niaba ya wote. Mwaka huohuo mashindano ya wazi ya Marekani yakawa ya kwanza miongoni mwa manne makubwa kuwalipa wanaume na wanawake sawa. Tarehe 20 Septemba 1973, katika ukumbi wa Astrodome huko Houston, mbele ya watazamaji 30,472, King alimshinda Bobby Riggs, mwanaume aliyetamba kwamba hakuna mwanamke angemweza.

Angalia basi jinsi haki ilivyosafiri polepole. Australia ilisawazisha zawadi mwaka 1984, ikarudi nyuma mwaka 1996, ikasawazisha tena mwaka 2001. Ufaransa na Wimbledon zilifika huko kikamilifu mwaka 2007, baada ya Venus Williams kubeba hoja hiyo hadharani. Na mwaka huo yeye mwenyewe akawa bingwa wa Wimbledon. Kutoka Houston hadi hapo ni miaka 37. Mfano wa Australia ndio ninaowasisitizia watumishi wa umma wanaonisoma: haki iliyotolewa kwa hisani, bila kuwekewa kanuni, inaweza kuondolewa na kamati nyingine katika kikao cha mchana mmoja.

Kutoka Shenzhen hadi Riyadh

Baada ya New York, fainali za msimu zilianza kutangatanga zikifuata fedha: Munich, Los Angeles, Madrid, Doha, Istanbul, kisha Singapore kuanzia 2014 hadi 2018. Mwaka 2019 zilihamia Shenzhen, China, kwa mkataba wa miaka kumi, na Ashleigh Barty akalipwa dola milioni 4.42 kwa ubingwa wa mwaka wa kwanza. Ilionekana kwamba chama kimepata nyumba ya kudumu.

Mwezi Novemba 2021 mchezaji wa China, Peng Shuai, aliandika mtandaoni tuhuma dhidi ya kiongozi mmoja mstaafu wa ngazi ya juu. Andiko likaondolewa upesi na yeye akapotea machoni pa umma kwa muda. Baadaye alisema ameeleweka vibaya. WTA ilitaka uchunguzi wa wazi, na mwezi Desemba ikasimamisha mashindano yake yote nchini China. Mashirika mengi ya michezo hayakuthubutu hatua kama hiyo. Gharama yake ilikuwa kubwa. Fainali zikahangaika: mwaka 2022 zilichezwa Fort Worth, ambako viti vingi vilionekana vitupu. Mwezi Aprili 2023 chama kilitangaza kurudi China, bila kupata kilichodaiwa.

Halafu ikaja Cancún, Mexico, mwaka 2023. Mji ulitangazwa mwezi Septemba kwa shindano la mwisho wa Oktoba. Uwanja wa muda ukajengwa haraka, wa wazi, kando ya Bahari ya Karibi, katika msimu wa mvua na upepo. Wachezaji bora wanane wa dunia walilalamika kwamba sakafu haikuwa tayari na kwamba hawakupata muda wa kutosha wa kuizoea. Mvua ilivuruga ratiba hadi fainali ikasogezwa Jumatatu, tarehe 6 Novemba, ambapo Iga Świątek alimshinda Jessica Pegula 6–1, 6–0. Kwa wiki moja dunia iliona maana ya kukosa paa.

Tarehe 4 Aprili 2024 WTA ikatangaza mkataba wa miaka mitatu na Riyadh. Miezi michache kabla, Chris Evert na Martina Navratilova walikuwa wameandika katika gazeti la *Washington Post* wakipinga, wakisema kwamba mchezo waliousaidia kuujenga kwa ajili ya usawa usiuzwe kwa nchi ambayo sheria zake hazimtambui mwanamke kuwa sawa na mwanamume. Balozi wa Saudi Arabia mjini Washington, Binti Mfalme Reema bint Bandar, aliwajibu kwamba wanapuuza hatua ambazo wanawake wa nchi yake wamezipiga. Ni kweli kwamba mwaka 2018 wanawake wa Saudia waliruhusiwa kuingia viwanja vya michezo na kuendesha magari. Ni kweli pia kwamba baadhi ya wanawake waliodai haki hiyo ya kuendesha walikamatwa mwaka uleule. Billie Jean King mwenyewe aliegemea upande wa kushirikiana, akiamini kwamba huwezi kubadili mahali usipofika.

Sipendi kuhukumu mjadala huu kwa haraka, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mwezi Machi 2025 mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudia, ukishirikiana na WTA, ulianzisha mpango wa kuwalipa wachezaji likizo ya uzazi hadi miezi 12. Hapo kabla, mchezaji aliyepata mimba alipoteza kipato cha mashindano. Jambo ambalo tenisi ya nchi tajiri za kidemokrasia haikulifanya kwa nusu karne limefanywa kwa fedha za mafuta. Sisi ambao Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84, au 100 akijifungua mapacha, tunaelewa uzito wa jambo hilo.

Sababu ya pili inaelekea upande wa pili. Riyadh si mji wa mbali kwa Mwafrika Mashariki. Ni mji ambako maelfu ya mabinti wa Kenya, Uganda na pwani yetu wamekwenda kufanya kazi za ndani. Mwezi Mei 2025 Amnesty International ilitoa ripoti kuhusu Wakenya miongoni mwao: saa za kazi zisizo na mwisho, pasipoti zinazoshikwa na waajiri, matusi ya ubaguzi, mishahara isiyolipwa. Kwa hiyo katika mji mmoja kuna mwanamke anayelipwa mamilioni kwa wiki moja chini ya taa, na kuna mwanamke mwingine asiyeweza kutoka mlangoni bila ruhusa. Wote wawili wamekuja kufanya kazi. Mmoja ana chama, mwenzake hana. Nadhani hiyo ndiyo tofauti inayopaswa kutushughulisha kuliko swali la kama shindano lihamishwe.

Upande wetu wa ziwa

Tenisi iliingia Afrika Mashariki na ukoloni, na iliwekewa ukuta. Dar es Salaam Gymkhana ilikuwa ya Wazungu. Wagoa na Wahindi wakaanzisha klabu zao. Mwafrika aliingia kiwanjani kama mfagizi, mpiga chokaa wa mistari, au kijana wa kuokota mipira. Mwanamke wa Kiafrika hakuwa hata na nafasi hiyo. Reli iliyofika Kigoma mwezi Februari 1914 ilileta maofisa na burudani zao, lakini haikuleta burudani hizo kwa ajili ya watu wa Ujiji, Gungu au Mwandiga. Baada ya uhuru, Sheria Namba 12 ya mwaka 1967 iliunda Baraza la Michezo la Taifa ili michezo iwe ya wananchi. Soka na netiboli vilifika shuleni kwa sababu vilihitaji mpira mmoja na ardhi tupu. Tenisi, inayohitaji sakafu, wavu na raketi kwa kila mtu, ilibaki nyuma ya ua.

Lakini ziwa letu halikubaki bila mchezaji. Sada Nahimana alizaliwa Bujumbura mwaka 2001, katika maji haya haya tunayoyaoga Kibirizi, na amekuwa mchezaji wa kulipwa anayeiwakilisha Burundi katika mashindano ya kimataifa. Njia yake ilipita katika kituo cha mafunzo cha Shirikisho la Kimataifa la Tenisi huko Casablanca, Moroko. Bujumbura yenyewe iliwahi kuwa na kituo cha shirikisho hilo cha vijana wa Afrika Mashariki kabla ya kazi hiyo kuwa Nairobi. Msichana wa Kigoma angeweza, kwa umbali wa safari ya siku moja, kufika mahali walipofundishwa vipaji vya kanda nzima.

Historia ikaamua vingine. Mwezi Mei 2015 machafuko ya Burundi yaliwasukuma maelfu ya watu hadi kijiji cha Kagunga, mpakani. Meli ya Liemba, iliyozamishwa na Wajerumani mwaka 1916 na kurudishwa kazini na Waingereza mwaka 1927, ikawabeba hadi Kigoma, na Uwanja wa Lake Tanganyika ukawa makazi ya muda kabla ya safari ya kambi ya Nyarugusu. Nalitaja hili kwa sababu linaeleza kwa nini sikubaliani na wanaosema kiwanja cha michezo ni anasa. Wakati wa dhiki, kitu cha kwanza tulichokitafuta kilikuwa eneo la umma lenye ukuta na choo. Lingekuwa na paa, watoto wasingelala mvuani.

Kwa Kenya, jina kubwa ni Angella Okutoyi, aliyezaliwa mwaka 2004 na kulelewa na bibi yake mjini Nairobi. Mwezi Julai 2022 alitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili Wimbledon, akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Hakuna Mkenya aliyewahi kushinda taji katika mashindano manne makubwa kabla yake. Mwezi Machi 2024 alipata dhahabu ya mmoja mmoja katika Michezo ya Afrika mjini Accra.

Sasa tazama nani walikuwa upande wa pili wa wavu Wimbledon mwaka 2022. Walikuwa Wakanada wawili: Kayla Cross na Victoria Mboko. Mboko ni mtoto wa wazazi waliotoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Siku ile alishindwa, 3–6, 6–4, 11–9. Miaka mitatu baadaye, mwezi Agosti 2025, Mboko alikuwa bingwa wa mashindano makubwa ya Montreal, akimshinda Naomi Osaka katika fainali. Okutoyi wakati huo alikuwa amepitia njia ya ufadhili wa masomo katika Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, njia nzuri na ya heshima, lakini ndefu zaidi.

Katika pointi ishirini za mwisho za mwaka 2022 walikuwa sawa. Ni nini kilichofuata? Sikatai juhudi za Mboko wala za familia yake. Ila Kanada ni nchi ya theluji iliyoamua kujenga viwanja vya ndani. Mwaka 2007 chama cha tenisi cha nchi hiyo kilifungua kituo cha taifa Montreal, ambako vijana hufanya mazoezi chini ya paa mwaka mzima, na makocha wanalipwa kuwafundisha. Mwaka 2023 timu yao ya wanawake ilitwaa Kombe la Billie Jean King huko Seville, juu ya sakafu ngumu ya ndani. Nchi iliyotawaliwa na baridi imefuta kisingizio cha hali ya hewa. Sisi tuna jua la miezi mingi, na kuanzia Novemba hadi Mei mvua ikinyesha Kigoma, mazoezi ya wasichana yanasimama.

Kinachodaiwa

Ligi Kuu ya soka ya wanawake Tanzania ilianza mwaka 2016, na Kigoma ilikuwa na timu yake, Sisterz. Miaka miwili baadaye ligi ilipata mdhamini na ikabeba jina lake: Serengeti Lite, jina la bia. Sigara Houston, mafuta Riyadh, bia kwetu. Siwalaumu viongozi wa soka ya wanawake waliopokea fedha hizo, kama nisivyowalaumu wale tisa wa Houston. Mtu aliyefungiwa nje hupita kwenye mlango uliofunguliwa. Swali langu ni kwa walioshika funguo za milango mingine.

Kwa wanafunzi na wanaharakati nina neno moja: fedha za mfadhili bila chama cha wanaofanya kazi ni hisani tu. Wachezaji wa WTA waliweza kudai likizo ya uzazi kwa mwarabu na mzungu kwa sababu walikuwa na meza yao wenyewe tangu 1973. Wasichana wanaocheza soka, netiboli na riadha nchini wanahitaji chama chao, chenye mikataba iliyoandikwa, kabla hawajahitaji mdhamini mkubwa zaidi. Wanaokwenda Riyadh kufanya kazi za ndani wanakihitaji zaidi kuliko wote.

Kwa watumishi wa umma: serikali imeshawahi kuonyesha kwamba sehemu ya mapato inaweza kufungwa kwa sheria. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Pamoja na kasoro zote za utekelezaji, kiwango kile kimeandikwa, na mwananchi anaweza kukidai kwa kutaja kifungu. Hakuna sababu ya msingi kwa nini kiwango kidogo kisifungwe vivyo hivyo kwa ukumbi mmoja wa michezo katika kila makao makuu ya mkoa: bati, nguzo, sakafu ya zege laini, taa, vyoo na chumba cha kubadilishia nguo chenye kufuli. Sakafu hiyohiyo huchezewa netiboli leo, wavu kesho, tenisi siku ya tatu, na huhifadhi watu ziwa linapojaa au jirani anapokimbia vita. Uwanja wa tenisi una urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97. Kwa eneo dogo kiasi hicho, hoja ya ukosefu wa ardhi haina nguvu.

Nyongeza yangu ni kwamba ratiba iandikwe na kubandikwa mlangoni, na saa za wasichana ziwe zao. Nimeona viwanja vingi vya umma ambavyo saa kumi jioni huwa vya wavulana kwa desturi tu, bila amri ya mtu yeyote, huku mabinti wakiwa kisimani au jikoni. Paa lisilo na ratiba litarudia desturi ileile kwenye kivuli.

Bajeti za halmashauri hujadiliwa kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, na vikao vya baraza la madiwani ni vya wazi kwa mujibu wa sheria. Nawashauri wanaonisoma Kigoma na Ujiji waende, wakae kwenye viti vya nyuma, na waulize ni mstari gani wa kitabu kile cha bajeti unaotaja michezo ya wasichana, na una shilingi ngapi.